Poche Mbili, Mufalme Mumoja

Vijana wa fonderi, kiwanda chetu cha kuyeyusha chuma, mulinifuata mpaka nyumbani mukasema: "Papa, sasa umetoka ku kazi, andika, tusome." Niliwajibu kwamba minye masomo yangu yaliishia pale frère, mutawa wa misioni ya Kapolowe, alipoanza hesabu ya kugawanya. Nilijua kusoma kitabu cha sala na kuandika jina langu, nikaona inatosha kwa muntu mwenye mikono mizuri. Hamukusikia. Basi someni, lakini musiniulize habari ya nukta na mukato. Swahili ya kuandika nilipewa na misioni, Swahili ya kusema nilipewa na kampi ya wafanyakazi, na hapa zitatembea pamoja kama mume na muke waliogombana asubuhi.

Sitasema juu ya vyeo wala mushahara. Mwenye kutaka habari hizo aende kwa wale waliozipata.

Nataka kusema juu ya poche mbili. Tangu nilipotoka kazini sikai. Sirene ya kazi ikilia asubuhi, miguu inashuka kitandani yenyewe, minye nafuata nyuma. Bibi yangu ananiambia: "Kaa chini, muzee, hata kuku mwenye kutafuta pahali pa kutaga anachoka." Nakaa. Nasimama tena. Kuna kitu kimoja cha kazi ile kinanitembeza, na kila nikifikiri nimekielewa, kinageuka upande mwingine.

Siku ya kwanza niliingia fonderi na viatu vya mujomba, vikubwa, nimevijaza magazeti. Kiongozi wa poche ya kwanza alikuwa Ba Tshibangu, muntu mufupi mwenye kifua kipana. Baba yake aliletwa zamani kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Likasi, lakini wengine walimwita bado mugeni, kama vile muntu anaweza kuwa mugeni pahali kitovu chake kimezikwa. Aliniangalia kutoka chini kwenda juu.

"Weye, mutoto wa Kapolowe, viatu vinaenda wapi?"

"Ku kazi, Papa."

"Na weye, unavifuata ao munaenda pamoja?"

Watu wakacheka, na tangu siku ile jina langu likawa Kapolowe mpaka nikazeeka nalo.

Akanipa muchanga mukononi. "Finya." Nikafinya. "Fungua." Donge lilibaki na alama za vidole. "Vunja." Likavunjika katikati, safi, kama mukate. "Huu ni muzuri. Ukiona unashikamana na vidole kama bukari, uko na maji mingi. Chuma chenye kuyeyuka kikikutana na maji, kinaruka. Na kikiruka, hakichagui muntu." Halafu akanifundisha kutoboa muchanga kwa waya, tundu nyingi nyembamba, ili pumzi ya chuma ipate njia ya kutoka. Vijana, sikieni hii hata kama hamutasikia ingine: toboa. Muntu mwenye uvivu wa kutoboa, mama yake atalia.

Kazi ndogo tulimwaga kwa poche moja. Poche, kwa wale ambao hawajaingia kwetu, ni ndoo kubwa ya chuma, ndani imefunikwa udongo wa kuvumilia moto. Pont, ile mashine ya juu, inaibeba, na muntu mumoja anazungusha gurudumu la mukono ili iiname kidogo kidogo na kumwaga. Lakini vitu vikubwa, kama gurudumu lenye meno la mashine ya kusaga mawe, poche moja haikutosha. Hapo zilikuja poche mbili, moja kila upande wa moule, ile kalibu ya muchanga, na zilipaswa kuinama saa ileile, kwa mwendo uleule. Chuma cha upande huu kinakimbia ndani ya muchanga, cha upande ule kinakimbia, vinakutana katikati bado vya moto, vinakuwa kitu kimoja. Poche moja ikichelewa hata kidogo, chuma cha kwanza kinaanza kupoa, ngozi inafunga juu yake. Cha pili kinafika, kinakiegemea, lakini hakiingii. Inje unaona kitu kizima, kinang'aa. Ndani kuna mushono. Tuliita reprise. Kitu chenye reprise kitavunjika, na kitavunjika siku ya kazi nzito.

Poche ya pili ilikuwa ya Mwansa. Mwansa alikuwa Mukatoliki kama minye, mwembamba, mwenye mizaha, mwenye batoto saba na woga wa baba mwenye batoto saba. Minye nilisimama karibu naye na chuma kirefu cha kuzuia taka isiingie ndani ya moule.

Sasa, ili poche mbili ziiname pamoja, lazima sauti moja iite. Pahali pengine wanahesabu. Kwetu Ba Tshibangu alikuwa na desturi yake, na niliikuta pale. Alisimama na mukono ku gurudumu, akapaza sauti: "Mufalme ni nani?" Na fonderi nzima ikajibu kwa pumzi moja: "Bwana!" Kwa neno lile poche zote mbili zikainama. Halafu tena, "Mufalme ni nani?", "Bwana!", na kila jibu mikono ilizungusha kidogo, mpaka moule ikajaa. Nilimwaga chuma miaka mingi na sijaona saa wala filimbi yenye kupita ile.

Ilitoka wapi? Ilitoka ku pose ya saa ine, saa ya kupumzika na kula. Tulikula bukari, yaani ugali, na samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele, na Ba Tshibangu, ambaye alikuwa Muprotestanti wa kabisa, alifungua Biblia yake ya Tshiluba, akasoma kwa macho na kusema kwa Swahili. Mwanzoni waligombana sana. Wakatoliki na Waprotestanti walirushiana maneno juu ya Bikira Maria, juu ya ubatizo, juu ya padri kutooa.

"Ninyi Waprotestanti munaomba mpaka chuma kinapoa," Mwansa alisema.

"Na ninyi munaomba kwa kitabu," Ba Tshibangu alijibu, "kama muntu mwenye kusahau jina la baba yake."

Mwisho wakaona kwamba katika Agano la Kale hakuna mwenye kugombana. Samweli hakuwa Mukatoliki, Gideoni hakuwa Mumetodisti. Agano la Kale likawa kama bomba la maji la kampi: kila muntu anateka, hakuna mwenye kusema ni langu. Tukakaa ndani yake miaka.

Ba Tshibangu alipenda pale wazee wa Israeli wanakwenda kwa Samweli kuomba mufalme, ili wafanane na mataifa mengine. Samweli anachukia. Mungu anamwambia awasikilize, maana hawakumukataa Samweli, wamemukataa Mungu asiwatawale. Na Samweli anawaonya: huyo mufalme atachukua wana wenu, atachukua mashamba mazuri, atachukua fungu la kumi, na siku mutakapolia hakutakuwa mwenye kuwasikia. Hapo kila muntu alitazama sahani yake. Hakuna aliyesema kitu, maana kuta za wakati ule zilikuwa na masikio, na masikio mengine yalikuwa yanakula bukari pamoja nasi.

Siku ingine alisoma juu ya mujukuu wa Daudi, wakati makabila kumi yalipomwacha, kila moja likarudi ku hema lake. Ba Tshibangu akafunga kitabu kwa kidole ndani yake.

"Munaona? Ni reprise. Daudi alimwaga upande mumoja, Sauli alikuwa amemwaga upande mwingine, saa hazikuwa moja. Solomoni akapaka dhahabu juu. Inje inang'aa. Nyundo ya kwanza, tii, vipande viwili."

"Na nani anaweza kuunga kitu chenye reprise?" nikauliza.

"Kwa fonderi? Hakuna. Unavunja, unayeyusha tena." Akatafuta kwa nabii Ezekieli pale Mungu anamwambia achukue vijiti viwili, kimoja cha Yuda, kimoja cha Israeli, avishike viwe kimoja mukononi, na mufalme mumoja awe juu yao wote. "Lakini angalia," akasema, "viko mukono wa nani. Haviko mukono wa Yuda. Haviko mukono wa Israeli."

Hiyo ilikuwa teolojia yetu, na ilikuwa na harufu ya samaki.

Halafu ikaja ile miaka jina la inchi liligeuzwa, na majina yetu ya ubatizo tukaambiwa tuyaache mulangoni kama viatu vyenye matope. Musalaba ukashushwa pahali pengi, picha ya Guide, kiongozi wa inchi, ikapanda ku musumari uleule. Asubuhi kabla ya kazi tulipaswa kucheza na kuimba sifa za Guide, vijana kwa wazee, tumbo mbele. Kulikuwa na muntu wa chama kwa ajili ya hiyo mu ateliers zetu, karakana zote, citoyen Kapenda (citoyen, raia, njo tulipaswa kuitana), mwenye abacost safi, ile suti ya chama isiyo na kravati, na sauti ya ngoma. Hakuwa muntu mubaya nyumbani kwake, nasikia. Kazini alikuwa na kazi yake.

Siku moja Kapenda alipita tunamwaga poche mbili. Akasikia: "Mufalme ni nani?" Akasikia: "Bwana!" Akasimama mpaka moule ikajaa. Halafu akaja taratibu, akifuta viatu vyake na kitambaa.

"Citoyen Tshibangu. Swali lako ni zuri. Jibu limezeeka."

"Limezeeka kweli, citoyen. Ni la zamani sana."

"Katika inchi hii anayeongoza ni mumoja. Mukimwaga lile gurudumu kubwa la mashine ya kusaga, nitakuwa hapa. Utauliza swali, na fonderi itajibu jina la Guide. Nzima. Nataka kusikia kama unavyopenda, kwa pumzi moja."

Akaenda. Vijana, gurudumu lile lilingojewa na usine, kiwanda cha kusaga mawe. Mashine ya kusaga ilikuwa imesimama. Na neno likaingia katikati yetu kama maji ndani ya muchanga.

Mwansa alisema ni neno tu. "Unasema kwa mudomo, moyoni unasema ingine. Mungu anajua Kiswahili cha moyo."

"Anajua pia cha mudomo," Ba Tshibangu akasema.

"Papa, weye uko na batoto wakubwa. Minye nikifukuzwa, nyumba ya kampi inakwenda, masomo yanakwenda, poso inakwenda. Batoto saba! Utawalisha na Gideoni?"

"Gideoni walimwambia awe mufalme, akakataa. Alisema si minye, wala mutoto wangu, Bwana njo atatawala."

"Gideoni hakukaa mu kampi!"

Na hapo mumoja, sitasema jina, alitupa neno baya: "Ninyi Bakasai munapenda kubishana na mukubwa. Halafu matata inaangukia wenye inchi." Ba Tshibangu alichukua fagio akaanza kufagia pahali pasafi.

Siku ya gurudumu kubwa, Kapenda alisimama pale nyuma na watu wawili. Pont zikaleta poche. Ba Tshibangu alishika gurudumu lake, akaniona nikimutazama, akaita. Sauti yake haikuwa na tofauti hata kidogo: "Mufalme ni nani?"

Loo. Wengine walipiga kelele jina la Guide. Wengine walisema "Bwana". Wengine walifungua mudomo wakaufunga. Minye nilisema "Bwana" ndani ya kitambaa changu, Mungu peke yake alinisikia, kama alikuwa karibu. Poche ya kwanza ikainama. Mwansa, ambaye alikuwa amejitayarisha kwa pumzi moja, alisikia pumzi tatu, mukono wake ukasita. Halafu akazungusha haraka kuliko kawaida ili kufuata. Nilikuwa karibu naye, niliona jasho likianguka ndani ya glavu. Moule ilijaa. Kapenda akapiga makofi, lakini macho yake yalikuwa yanatembea juu ya midomo.

Gurudumu lilipopoa tukalitoa mu muchanga, tukalisafisha. Zuri kama sahani ya harusi. Ba Tshibangu akachukua nyundo, akagonga. Chuma kizima kinalia kama kengele, sauti inakwenda, inarudi. Hili lilisema "tok", kama muntu mwenye kugonga mulango wa nyumba tupu. Hata wale wasiojua kazi walielewa.

Ingénieur wetu, muntu wa kunyamaza, aliinama akatazama. Kapenda akasema neno moja, lenye maana ya kuharibu kazi kusudi: "Sabotage." Na akasema anataka jina la muntu. Kila muntu alijua jina gani. Wakati ule muntu aliyepelekwa kwa neno lile, bibi yake alikuwa anazunguka ofisi kwa ofisi akiuliza, na ofisi zilikuwa zinamuuliza yeye.

Ingénieur akafikiri, akasema: "Usine inangoja. Muvunje, muyeyushe, mumwage tena juma lijalo. Likitoka zuri, hakuna sabotage, kulikuwa na ajali. Likitoka hivi, citoyen, nitakupa jina." Hakumutazama Ba Tshibangu. Hiyo njo ilikuwa ya kutisha.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama mukono wangu huu. Poche mbili zikiinama pamoja, Ba Tshibangu anarudi nyumbani. Zisipoinama pamoja, anakwenda pahali watu hawarudi haraka. Na poche mbili zilikuwa mukono wa watu wawili wasioongea tangu ugomvi ule.

Siku ya Mungu, baada ya misa, Mwansa alinivuta kwa shati. "Twende kwa muzee." Nikamwambia aende peke yake, ni mambo yao. "Weye, Kapolowe, ukikaa katikati labda hatanipiga." Tukaenda. Ba Tshibangu naye alikuwa ametoka ku kanisa lake, bado na kravati, anakula karanga mbele ya nyumba. Muke wake alileta viti bila kusema kitu, na alivigonga chini kwa namna ya kusema mengi.

Mwansa alianza. "Papa, nauliza kama mutoto. Bwana alikuwa mufalme kabla ya kinywa changu?"

"Alikuwa."

"Nikinyamaza, anashuka ku kiti?"

"Hashuki."

"Basi ana haja gani ya kinywa changu?"

"Yeye hana haja. Siye njo tuko na haja." Akavunja karanga. Akakaa nayo bila kuila. "Lakini sikia. Nimefikiri juu ya Samweli. Alikasirika kwa sababu aliona wamemukataa yeye. Mungu akamwambia, si weye. Mwansa, ile siku nilipoita, nilikuwa nataka kusikia 'Bwana' kwa ajili ya Bwana, ao nilitaka kuona nani ananifuata minye? Nimejiuliza juma zima. Sipati jibu zuri."

Mwansa aliguna tu.

"Kwa hiyo sitaita," Ba Tshibangu akasema. "Sitakuomba useme neno litakalokula batoto wako. Na weye usiniombe niseme la Kapenda. Tutamwaga kimya."

"Kimya tutajuaje saa?"

"Utanitazama."

Hii, vijana, munielewe, si kitu kidogo. Mwenye kumwaga hatazami muntu. Anatazama kinywa cha moule, maana ukitoa jicho chuma kinakosa tundu. Mwansa akasema haiwezekani. Ba Tshibangu akaweka viti viwili mbali, akampa Mwansa sufuria la maji, akachukua lingine, na sahani katikati. Wakamwaga. Maji yakaruka kila upande. Wakajaza tena. Mwansa akacheka: "Papa, unavuta pumzi kama nguruwe kabla ya kuinama." "Basi sikiliza nguruwe." Mpaka jua likakaribia kushuka wale wanaume wawili walimwagiana maji kiwanjani, majirani wakisimama kutazama, muke wa Ba Tshibangu akiuliza nani atafagia matope. Katikati ya hapo muzee alikumbuka ile zaburi ya ndugu wanaokaa pamoja, kama mafuta ku ndevu za Haruni yakishuka mpaka shingo ya kanzu.

"Haruni alikuwa na ndevu za Kikatoliki ao za Kiprotestanti?" Mwansa akauliza.

"Za kujaa mafuta. Inamisha!"

Siku ikafika. Kapenda pale nyuma, watu wake wawili, Ingénieur pembeni mikono mufukoni. Poche zikashuka. Ba Tshibangu akashika gurudumu, Mwansa akashika lake, wakainua macho, wakatazamana kupitia moto. Nilisikia ile pumzi ya nguruwe. Na poche mbili zikainama kama muntu mumoja anapiga magoti. Hakuna sauti, isipokuwa chuma chenyewe kikiingia, kile kinong'ono chake. Sijaona kitu kizuri kama kile kazini kwangu kote. Moule ikajaa, chuma kikapanda ku tundu za juu, pande zote saa moja.

Kapenda akasogea mbele. "Sikusikia kitu."

Ba Tshibangu aliachia gurudumu lake.

"Swali liko wapi? Nilisema nitasikia swali na jibu."

Ba Tshibangu akasema: "Leo hatukuuliza, citoyen."

"Basi minye nitauliza." Na akapaza ile sauti yake ya ngoma, akimutazama muzee machoni: "Citoyen Tshibangu. Mufalme ni nani?"

Nilijua jibu la Ba Tshibangu, kila muntu alijua, na Kapenda alijua, njo maana alimuuliza yeye. Alikuwa ameshafungua kinywa. Na kutoka upande mwingine wa moule, bila kelele, kama muntu mwenye kujibu saa ngapi, Mwansa akasema: "Bwana."

Mwansa! Wa batoto saba!

Kapenda akageuka. Halafu muntu wa pont, juu kule, akasema: "Bwana." Halafu mwenye koleo. Halafu minye, na safari hii nilitoa kitambaa. Hatukujibu kwa pumzi moja kama zamani. Kila muntu alijibu peke yake, kwa woga wake, mumoja mumoja. Hata yule wa neno la "Bakasai" alijibu, akitazama viatu. Ba Tshibangu alikuwa wa mwisho, na sauti yake ilikuwa imepotea, ilibaki midomo tu.

Gurudumu lilipogongwa lililia mpaka bati za paa zikajibu. Ingénieur akasema ilikuwa ajali, hakuna sabotage, akaenda ofisini. Lakini Kapenda alihitaji jina moja la kupeleka, na lile alilolisikia kwanza lilikuwa Mwansa. Kesho yake Mwansa alisimamishwa kazi, bila kuambiwa mpaka lini. Nyumba hawakuichukua, Ingénieur alisema neno pahali fulani. Poso ilikatwa: unga, samaki, mafuta, vyote ambavyo kampuni ilikuwa inapimia kila familia. Alirudishwa baada ya misimu miwili ya mvua, na si ku poche. Walimuweka ku kupepeta muchanga. Alipepeta vizuri sana, akisema mizaha yake, na hakusema kamwe kwa nini alijibu. Nilimuuliza mara nyingi. Mara ya mwisho alisema: "Muzee alikuwa amechelewa kuinamisha, nikaogopa reprise." Ndiyo jibu nililopata.

Na hii njo inanitembeza. Kwa miaka tulisema lile neno pamoja, vizuri, na hatukuwa kitu kimoja. Siku tulilisema vibaya, tukawa. Na hata hiyo haikukaa. Mwisho wa miaka ya Guide, wakubwa walipotuma watu kuhesabu nani babu yake alizaliwa wapi, Ba Tshibangu na jamaa yake walikwenda ku gare kama Bakasai wengine, wakalala pale juu ya masanduku yao mpaka wakapata treni. Mwansa alikwenda kila siku na maji. Lakini barabarani, kati ya wale wenye fimbo waliowafukuza, niliona sura za fonderi. Sura ambazo zilisema "Bwana". Nitafanya nini na hiyo? Nimesoma Samweli, nimesoma Ezekieli, natafuta pale panaeleza. Bibi yangu ananiambia nilale.

Basi nitawaambia tu juu ya unga, halafu niache.

Juma lile Mwansa aliposimamishwa, poso ilipotoka, kila muntu wa fonderi alitoa sahani moja ya unga ndani ya gunia. Hakuna aliyetangaza. Gunia lilikuwa pale karibu na mulango, watu walipita. Muchana Ba Tshibangu akalibeba begani, minye nikamufuata. Mwansa hakuwa nyumbani, alikuwa amekwenda Tshangalele kutafuta samaki. Muke wake, Mama Chola, alikuwa amekaa mulangoni anachagua majani ya matembele.

"Hodi, mama."

"Kama mumeleta kazi ya bwana yangu, karibuni. Kama ni sala, tuko nazo mingi."

"Tumeleta unga."

"Wa nani?"

"Wa fonderi yote."

"Hata wa Baprotestanti?"

"Umechanganyika, mama. Hakuna mwenye kuweza kuutenga."

Akasimama, akaingiza mukono ndani ya gunia mpaka kiwiko, akautoa mweupe. Akamutazama muzee.

"Papa Tshibangu, nauliza. Huyu mufalme wenu. Bwana yangu alimutaja peke yake mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, na njaa iko kwangu. Weye ulimutaja kila siku kwa sauti kubwa, na kazi uko nayo. Inaendaje?"

Ba Tshibangu, ambaye alikuwa na neno la nabii kwa kila kitu, hata kwa mvua, alipangusa unga begani. "Sijui, mama," akasema. "Minye ni mubebaji tu."

Mama Chola akakamata gunia kwa masikio yake, akalivuta ndani. Tulisikia likikokotwa ku sakafu. Halafu sauti yake ikatoka gizani mwa nyumba:

"Basi ukirudi kwake, umwambie alisahau chumvi."

Tulitembea mpaka kona ya barabara ya muzee. Pale Ba Tshibangu akaniambia ningoje. Aliingia nyumbani kwake, akatoka mbio na chungu chote cha chumvi kifuani, muke wake nyuma akipiga kelele kwamba hata hajapika, na muzee hakugeuka.